Magunia Kumi ya Kijiweni

Kijiwe cha Bi Umi pale Tingi hakina mlango wala bango. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali nyuma ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, jiko la mkaa, birika, sinia la kashata, na Bi Umi mwenyewe, ambaye kicheko chake kinavuka barabara ya lami kabla moshi wa jiko haujainuka. Ikishaswaliwa alasiri, ubao umejaa. Yupo Mzee Likwata, wanamwita Mkemia, maana hajapata kununua kitu bila kukitia ulimini kwanza. Hata msumari, wallahi, ameulamba akasema huu una kutu kwa ndani. Yupo Bashiru, wanamwita Redio, habari ikimwingia sikioni ina miguu miwili, ikimtoka mdomoni ina minne na mkia. Yupo Stefano, fundi seremala aliyeshuka kutoka milima ya Kipatimu akahamia hapa, wanamwita Padri kwa sababu utotoni alitumikia misa miaka miwili na mpaka leo akitaka kusema jambo anakohoa kama anaanza mahubiri. Na wengine saba wa kusikiliza na kuitikia. Basi mwezi huo wa tisa, korosho za kwanza zimeshatiwa kwenye magunia zinangoja mnada, watu wana raha zao, ndipo akatokea Zakia na daftari kwapani, uso umemkunjamana kama kitambaa cha kuchujia tui.

— Shikamooni.

— Marahaba, mjukuu wangu, akasema Mzee Likwata. Umerudi lini kutoka Mtwara?

— Jana, babu.

— Na uso huo umerudi nao au umeukuta hapa? akauliza Bi Umi, ambaye ni shangazi yake Zakia, dada wa baba yake, tumbo moja.

— Shangazi, acha tu. Nimeanguka somo.

Ubao mzima ukageuka. Zakia ndiye mtoto wa kwanza wa ukoo ule kwenda chuo, mwaka wa kwanza, maendeleo ya jamii. Siku anaondoka, Bi Umi aligawa kahawa bure mpaka mkaa ukaisha.

— Somo gani hilo lenye kiburi? akauliza Redio.

— Takwimu.

— Ndiyo nini hiyo?

Zakia akakaa pembeni mwa ubao. Akafikiri namna ya kusema. Ndiyo shida yake hiyo, jamani! Kukokotoa anakokotoa vizuri, mlundike namba atazijumlisha, atazigawanya, atakutolea jibu. Lakini mwalimu wake, Mwalimu Damiani, alimwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba hesabu zote sawa, ila hajasema zina maana gani. Zakia aliikariri Takwimu kama mtu aliyeikariri njia ya kwenda Lindi na hajawahi kutoka kwao.

— Ni elimu ya kupima vitu vichache, akasema, ili ujue habari za vitu vingi.

— Mbona hiyo ninayo! Redio akapiga paja. Mimi nikiona mtu mmoja anakimbia, najua kijiji kizima kina nini.

— Ndiyo maana ulitutangazia kuna simba, akasema Padri, kumbe Abdulwahab alikuwa anawahi msalani!

Ee bwana wee! Bi Umi alicheka mpaka birika likaitikia. Hata Zakia uso ukamlegea kidogo.

— Sasa sikilizeni, akasema. Mwalimu ametupa nafasi ya mwisho sisi tulioanguka. Nipime kitu cha nyumbani, kwa mkono wangu, mara thelathini. Niandike ripoti. Halafu nisimame mbele yake anihoji. Nikishindwa kujibu, narudia mwaka mzima. Basi la kurudi Mtwara ni Jumapili asubuhi.

— Na leo Jumatano, akasema Padri.

— Na leo Jumatano.

— Mwaka mzima! akasema Bi Umi, mkono kichwani. Wenzako wanapanda, wewe umekaa unawatazama soli za viatu!

— Nimechagua korosho, akasema Zakia. Nataka kujua korosho za Tingi zinaingia ngapi kwenye kilo moja. Zikiwa chache, ujue ni nene. Zikiwa nyingi, ujue ni ndogondogo. Nitazihesabu, nitatafuta wastani.

— Wastani tunaujua, akasema Mkemia. Ni hali ya kati. Si mzuri, si mbaya. Kama kahawa ya leo.

— Kahawa ya leo imefanya nini? akafoka Bi Umi.

— Nimesema wastani! Sikusema sumu.

Zakia akaona hapa lazima atoe mfano, la sivyo jua litazama watu wako kwenye kahawa.

— Babu, una watoto wangapi?

— Mmoja. Yupo Milola.

— Baba Stefano?

— Saba, akasema Padri, Mungu amenijalia.

— Kaka Bashiru?

— Bado natafakari.

— Sifuri. Jumla nane, gawanya kwa watu watatu. Wastani wa watoto kwa kila mtu hapa ni wawili na zaidi ya nusu.

 Kisha Redio akainuka, akanyoosha shati.

— Kwa hiyo nina watoto wawili!

— Na nusu, akasema mtu nyuma.

— Na nusu! Jamani, jana nilikuwa sina kitu! Mama Umi, mimina kahawa, mimi ni baba!

— Kaa chini, akasema Mkemia. Na mimi hao wa kuongezewa wanatoka wapi?

— Si kwa Padri! Amepokonywa wanne na ushee!

— Wangu hawatoki, akasema Padri, na akakohoa. Mwambie mwalimu wako aje mwenyewe kuwachukua. Yule wa nne nitampa hata leo.

Zakia alicheka kicheko cha kwao, kile cha Bi Umi, mpaka akashika ubavu. Akawaambia ndiyo hivyo, wastani unaweza kuwa namba ambayo hakuna mtu hata mmoja anayo. Ndiyo maana kuna namba nyingine, unawapanga watu kuanzia mdogo hadi mkubwa, unamtazama aliyesimama katikati.

— Sifuri, moja, saba, akahesabu Padri kwa vidole. Katikati Mkemia.

— Siku zote nilijua, akasema Mkemia, na akanywa kahawa yake ya wastani.

Basi wakakubaliana. Kila mmoja wa wale kumi wa kijiweni kesho alete kilo tatu za korosho kutoka kwenye magunia yake. Kumi mara tatu, thelathini. Zakia akalala usingizi mzuri siku hiyo, wa kwanza tangu matokeo yatoke.

Alhamisi alasiri, hata kahawa haijachemka, watu wamefika na mifuko. Zakia ametandika mkeka, Bi Umi ametoa mzani wake wa kuning'iniza. Wakapima, wakahesabu. Mfuko wa kwanza wa Mkemia, mia hamsini na nane. Wa kwanza wa Redio, mia hamsini na nane. Wa Padri, mia hamsini na tisa. Wakaendelea. Mia hamsini na saba. Mia hamsini na nane. Mia hamsini na nane tena. Katika mifuko yote thelathini hakuna uliopungua mia hamsini na sita, wala uliovuka mia na sitini.

Zakia akaandika, akasimamisha kalamu.

— Mbona zote sawa?

— Si uzuri huo? akasema Redio. Hujasumbuka hata kugawanya.

— Haiwezekani, kaka. Vitu vya shambani havifanani hivi. Tulifundishwa lazima vitawanyike.

— Huko Mtwara labda. Hapa Tingi tuna umoja.

— Nitakwambia sababu, akasema Mkemia, na akaitia korosho moja ulimini. Ni chumvi. Chini ya ardhi hii palikuwa bahari zamani. Chumvi ile inapanda juu polepole, kwa usawa, kila mkorosho unapata kijiko kimoja. Haupati zaidi, haupati pungufu. Sasa zitatofautiana vipi?

— Si chumvi, akasema Padri, akakohoa. Ni mizizi. Mimi nachonga mbao, naijua miti. Mizizi ya mikorosho inakutana huko chini. Inakaa kikao. Mmoja anasema mwaka huu tuzae za ukubwa gani, mwingine anasema hivi, wanapitisha.

— Na katibu nani? akauliza Bi Umi, sauti imeshaanza kutetemeka.

— Mkorosho wa pale msikitini. Ndio mkongwe.

— Ninyi hamjui kitu! Redio akasimama juu ya ubao. Mwezi wa saba ilipita ndege nyeupe hapa. Mara mbili! Mnadhani ilikuwa inatazama nini? Ilikuwa inamwaga hewa ya kusawazisha. Wazungu wamechoka kununua korosho kubwa na ndogo, mashine zao zinakwama. Wamemwaga hewa, kila kitu Tingi kinakuwa saizi moja. Hamjaona hata mayai mwaka huu? Hamjaona Padri na Mkemia wanavyoanza kulingana urefu?

— Mimi nimepungua kweli, akakiri mzee.

Hapo Bi Umi hakuweza tena. Alicheka, akaweka birika chini, akacheka, akajifunika kanga usoni, akacheka humohumo ndani ya kanga, mabega yanapanda na kushuka, mpaka mwanamke wa duka la jirani akatoka kutazama kuna nini.

— Chumvi! akasema akipumua. Mizizi ina kikao! Zakia mwanangu, hebu tazama hizo korosho. Zitazame vizuri.

Zakia akachukua moja. Ilikuwa nene. Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha sikukuu.

— Leo asubuhi nimepita majumbani kuuza vitumbua, akasema Bi Umi. Kwa Mkemia, mkewe ametandaza ungo anachagua korosho kama anachagua mkwe. Hii haina sura, weka kule. Hii ina doa, weka kule. Kwa Redio, mwanamume amekaa na chupa ya chai iliyovunjika, anapitisha korosho shingoni, ikipita haifai, isiyopita ndiyo ya chuo. Na huyu Padri sasa! Padri kazipiga msasa!

— Kidogo tu, akasema Padri.

— Msasa, baba Stefano? akasema Zakia.

— Ule laini. Wa kumalizia.

Zakia akawatazama wote kumi, mmoja baada ya mwingine, nao wakatazama vidole vya miguu yao. Kicheko kilimpanda na machozi yakampanda, hakujua kipi kitatangulia.

— Jamani, kwa nini?

— Kwa nini? akasema Mkemia kwa uchungu wa kweli. Mtoto wetu anakwenda kusimama mbele ya mwalimu wa watu, tumpe korosho za ovyo? Aseme Tingi ndiyo hii? Mgeni ukimchinjia kuku unamtafutia aliyenona. Tumekupa zilizonona.

— Tulikuwa tunakulinda, akasema Redio, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini.

Zakia akafuta macho. Hasira haikumjia, itamjiaje? Watu wazima wamekesha na chupa iliyovunjika kwa ajili yake. Lakini Jumapili ile inakuja mbio.

— Babu, akasema taratibu. Siku ya kupeleka korosho ghalani, mkaguzi wa chama anafanya nini na gunia lako?

— Ananiudhi.

— Anachukua zile za juu ulizompangia?

— Thubutu! Analimwaga. Chini, kwenye turubai, mbele ya watu. Anachanganya kwa koleo kama saruji, halafu anachota popote.

— Kwa nini?

— Kwa sababu ana roho mbaya.

Watu wakacheka. Padri peke yake hakucheka. Alikohoa, na safari hii mahubiri yalikuja.

— Kwa sababu zile za juu zinamsemea mwenye gunia. Hazilisemei gunia.

Zakia akamtazama kama amemwona leo. Miezi minane darasani, ubao umejaa alama za Kigiriki, Mwalimu Damiani anasema sampuli isichaguliwe, yeye anaandika tu, isichaguliwe, isichaguliwe. Kumbe ni hivi! Kumbe ni turubai na koleo!

— Baba Stefano, rudia. Niandike.

Akarudia, akiwa amevuta kola ya shati.

— Basi naomba hivyo, akasema Zakia. Kesho baada ya swala ya Ijumaa. Kila mmoja alete gunia lake zima. Nilimwage hapa.

Ee! Ubao uliingiwa na baridi. Kumwagiwa gunia hadharani, watu wa huku wanakujua kulivyo. Ni kama kufunguliwa kabati la chumbani mbele ya wakwe. Huko chini ya gunia kila mtu ana yake.

— Mara moja kwa mwaka inanitosha, akasema Mkemia, na akageuza uso.

— Babu, nitafeli.

— Hutafeli. Peleka hizo zilizopigwa msasa.

— Ataniuliza mbona zote sawa. Nimwambie mizizi ilikaa kikao?

 Bi Umi alikuwa anamimina kahawa polepole kuliko kawaida. Mzee Likwata akazungusha kikombe mkononi, mara mbili, mara tatu.

— Mimi nilirudia darasa la pili, akasema. Mara tatu. Wenzangu wamevua kaptula wamevaa suruali, mimi nipo dawati lilelile, magoti yamefika kidevuni. Mwisho nikaacha. Sikumwambia mtu nimeacha, nilikuwa natoka asubuhi na daftari nakwenda kukaa shambani.

Akanywa kahawa yote kwa mkupuo.

— Kesho mtalianza langu. Mlimwage lote, mpaka kona.

Na Ijumaa wakalianza la Mkemia. Jamani, ilikuwa sherehe! Wake za watu wamekuja, waliotoka msikitini wamekuja, turubai limetandikwa nyuma ya ghala kama la maulidi. Gunia likainuliwa, likainamishwa, korosho zikatoka shwaa, nene juu, za kati kati, na huko chini vijikorosho vidogo kama meno ya mtoto, na majani, na baada ya majani ikatoka miwani.

— Miwani yangu!

— Si ulisema imeibwa? akafoka mkewe. Si ulimsusia Rashidi wiki mbili humsalimii?

— Nitamsalimia leo, akasema Mkemia, na akaivaa.

Likaja la Padri, likatoa patasi. Likaja la Redio, likatoa kufuli, soksi moja na kijiko cha supu.

— Bashiru! Sauti ya mkewe ilitoka nyuma ya watu. Kijiko si ulisema kimechukuliwa na jini?

— Jini huyo ana tabia ya kurudisha, akasema Redio.

Bi Umi akachanganya kwa koleo, kila gunia peke yake. Akavua kanga ya begani akamfunga Zakia macho, ili mkono usije ukachagua. Zakia akachota gizani. Kilo ya kwanza, ya pili, ya tatu, gunia linalofuata. Wakagawana kuhesabu. Na namba zikaanza kugombana! Mia mbili thelathini na moja. Mia na themanini na saba. Mia mbili na nne. Mia mbili arobaini na nane, ya Mkemia hiyo, ndogo kuliko zote kwa unene. Mia na sabini na mbili, ya Padri.

— Mbona zangu zimekuwa nyingi hivyo kwa kilo? akauliza Mkemia.

— Mikorosho yako ni ya babu yako, akasema Padri. Mimi nilipanda miche mipya.

Zakia alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, kanga shingoni, anaandika huku anacheka peke yake. Mtawanyiko! Darasani ulikuwa ni alama ya kipeuo cha pili yenye mabano chini yake, ukikosea mabano umekwisha. Hapa ni miti ya babu yake Mkemia na miche ya Padri. Unapima watu wanavyotofautiana tu, basi, hivyo tu! Akagawanya. Wastani mia mbili na sita kwa kilo. Ya katikati mia mbili na tatu. Chini kabisa mia na sabini na mbili, juu kabisa mia mbili arobaini na nane.

— Na hewa ya kusawazisha? Bi Umi akamuuliza Redio.

— Imeisha nguvu. Si unajua vitu vya kuletewa.

Jumamosi alasiri ripoti ilikuwa imeandikwa, kurasa nne, mwandiko wa kunyooka. Juu kabisa Zakia ameandika KOROSHO ZA TINGI na kupigia mstari kwa rula. Kijiwe kina furaha. Ripoti inapita mkono kwa mkono, kila mtu anatafuta jina lake, akilipata anamwonyesha mwenzake. Redio tangu asubuhi ameshazunguka na pikipiki yake akitangaza. Korosho za Tingi mia mbili na sita! Zimepimwa! Zinakwenda chuo!

— Mwalimu akikuhoji, akasema Mkemia, mwambie nami nipo. Anipigie simu.

— Hatanihoji hesabu, babu. Atanihoji maana. Na sasa najua maana.

— Hapo sawa! Kunywa kahawa.

Ndipo akaja Hafsa.

Hafsa anakaa mwisho wa kijiji, kule njia inakoingia mashambani. Mume alikwenda zake miaka mingi, shamba la mikorosho analiendesha mwenyewe, analima, anaokota, anaanika, anabeba. Siku ile alikuwa na ndoo mkononi na vumbi mpaka magotini. Kwenye ubao wa Bi Umi hajawahi kukaa hata siku moja, si kwa ugomvi, ila saa hizo za kahawa yeye yuko shambani.

— Shikamoo, Mzee Likwata.

— Marahaba, Hafsa. Umesikia habari?

— Nimesikia. Bashiru kapita akipiga kelele mpaka kisimani.

— Mia mbili na sita! akasema Redio. Korosho za Tingi, Hafsa, zimeingia kwenye vitabu!

— Hongera, akasema Hafsa. Hongera, Zakia mdogo wangu. Nimekuja na swali moja tu dogo, halafu naondoka.

— Uliza, uliza! Leo hapa kuna elimu mpaka inamwagika.

Hafsa akaweka ndoo chini.

— Za kwangu mmezipima lini?

Redio alifungua mdomo kama kawaida yake. 

— Za kwako, akasema. Za kwako zimo.

— Zimo wapi?

— Kwenye wastani.

— Gunia langu liko nyumbani, mdomo nimeushona mwenyewe. Ziliingia huko kwenye wastani zikipitia wapi?

Redio akamtazama Padri. Padri akakohoa, kisha akakohoa tena. Mkemia akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bi Umi, ambaye hata msibani hujiziba mdomo ili asicheke, alisimama na birika mkononi akimtazama Hafsa, hacheki.

Zakia akavuta ripoti kutoka mkononi mwa mtu. Akasoma majina kumi. Likwata, Bashiru, Stefano, na wale saba. Akasoma tena. Wanaume wote. Wote watu wa ubao huu. Watu wanaopata nafasi ya kukaa alasiri. Hofu ikamjia, maana basi la Mtwara ni kesho asubuhi na kurasa ni nne zimeshaandikwa. Halafu, jamani, sijui niseme nini, ile hofu ikageuka ikawa kitu kingine, ikampanda kifuani joto kama kahawa ya kwanza ya asubuhi. Hili swali hakulisoma popote. Hakuna aliyemkaririsha. Ameulizwa, na ameliona lilipo, na anajua ataliandika wapi.

Akachukua rula. Akakata neno TINGI.

— Wewe! akaruka Mkemia. Unafuta kijiji?

— Nakiweka mahali pake, babu.

Akaandika pembeni, polepole: za watu kumi wanaokaa kijiweni kwa Bi Umi. Halafu akafungua ukurasa mpya.

— Dada Hafsa, kaa.

— Sina muda wa kukaa, Zakia.

— Kidogo tu. Walio kama wewe, wenye mikorosho na hawaji hapa, wako wangapi?

Hafsa akawatazama wale wanaume kumi. Redio akasogea. Aliyefuata akasogea. Ubao mzima ukasogea mpaka mtu wa mwisho akabaki ameegemea tofali, na nafasi ikapatikana.

— Sijawahi kuwahesabu, akasema Hafsa, akikaa. Hebu tuone. Kuna Theresia, na mama yake. Kuna yule mjane wa kule bondeni. Kuna Fortunata na dada zake, watatu hao, kila mmoja na shamba lake. Unaandika?

— Naandika.

— Kuna Rosa...

Alipofika jina la kumi na saba alikuwa bado anaendelea, na Bi Umi amemwekea kikombe mbele yake, na wale kumi wa kijiweni walikuwa wamekaa wamebanana, wanayasikiliza majina ya majirani zao.